Kuutua Mzigo: Mwongozo kwa Mkristo Aliyelemewa na Mahangaiko

Mwaliko wa Yesu kwa waliolemewa umo katika Injili ya Mathayo, sura ya 11, aya ya 28 hadi 30, na mara nyingi husomwa nusu tu. Nusu ya kwanza, ile inayoahidi pumziko, huchapwa kwenye kalenda, huchorwa kwenye kuta za makanisa na kubandikwa nyuma ya daladala. Nusu ya pili haitajwi sana: anayeitikia mwaliko anavishwa nira na kupewa somo la kujifunza. Nira huvaliwa na wawili. Wakulima wa Usukumani wanaolima kwa maksai wanajua kwamba ng'ombe mchanga hafundishwi peke yake. Hufungwa pamoja na aliyekwisha kuzoea, na huyo mzoefu ndiye anayeshika mstari na kuvuta zaidi wakati mwenzake anajifunza hatua. Nafuu inayoahidiwa katika Injili ni ya namna hiyo: shamba liko palepale, ila anayevuta hayuko peke yake.

Tofauti hii inaonekana haraka katika maisha. Anayetarajia sala ya usiku mmoja imwondolee ada za shule, ugonjwa wa mzazi au ndoa yenye misukosuko atakata tamaa kabla ya mwezi kuisha, na pengine ataanza kuishuku imani yake mwenyewe. Anayeielewa imani kama njia ya kuugawa mzigo ana pa kuanzia. Iko sehemu ya kumwachia Mungu, iko ya kubebwa na wenzake, na iko inayobaki mabegani mwake. Mtume Paulo amezigusa mbili za mwisho karibu kwa pumzi moja katika Wagalatia 6: aya ya 2 inawaagiza waumini kusaidiana kubeba, na ya 5 inamkumbusha kila mtu kwamba anayo sehemu yake asiyoweza kumtwisha mwingine. Ushauri uliozoeleka wa "wewe omba tu, usiwe na wasiwasi" unaziruka zote mbili, ndiyo maana hausaidii sana.

Kuutaja mzigo kwa jina

Mahangaiko yasiyotajwa huvimba. Kazi ya kwanza basi ni daftari na kalamu. Mzigo mmoja uandikwe kwa mstari mmoja, kwa maneno ya kawaida na mahsusi. "Maisha magumu" hayasaidii kitu yakiandikwa. "Marejesho ya kikoba ya Alhamisi", "majibu ya kipimo cha mama", "mume hajatuma pesa tangu Pasaka" ni majina yanayoshikika. Wengi wakifika mwisho wa orodha hushangaa kuona kwamba mambo waliyodhani ni mia hayazidi kumi, na kwamba mawili au matatu ndiyo yanayonyima usingizi.

Baada ya hapo kila mstari uwekewe alama ya mwenye kuubeba. Ya Mungu ni yale ambayo juhudi ya binadamu haiyafikii: kifo, mvua, yaliyokwisha kutokea, moyo wa mtu mwingine. Ya wenzake ni yale yanayohitaji mikono, masikio au uzoefu wa watu wengine. Yake mwenyewe ni yale yenye hatua anayoweza kuichukua wiki hii. Mstari mmoja mara nyingi huangukia kote kutatu. Mama ambaye kijana wake ameanza kulewa hawezi kumbadilisha moyo, na hiyo ni sehemu ya Mungu. Anaweza kumwomba mjomba au mzee wa kanisa anayeheshimiwa na kijana huyo akaongee naye. Na yeye mwenyewe anaweza kuacha kumlipia madeni ya kilabuni. Bila mgawanyo huo, huhangaika na ile sehemu ya kwanza tu, ambayo hana uwezo nayo, na kuisahau ya tatu, ambayo iko mikononi mwake.

Wako wanaoogopa kwamba kuhesabu na kupanga ni dalili ya kukosa imani, wakitegemea mafundisho ya Mathayo 6:25–34 kuhusu ndege na maua ya kondeni. Yesu huyohuyo, katika Luka 14:28, anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kupiga hesabu ya gharama, na hamlaumu. Kinachokatazwa ni wasiwasi, nao hutofautiana na mpango kwa jambo moja linalopimika: mpango una hatua inayofuata, wakati wasiwasi unarudia mzunguko uleule. Wazo lililorudi mara nne jioni moja bila kuleta hatua mpya si mpango tena, na hapo ndipo pa kuliacha na kuliombea.

Kumlilia Mungu bila kupamba maneno

Kati ya Zaburi 150, takriban theluthi moja ni maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu mpaka lini. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi, kwani inaishia gizani bila neno la shukrani, na bado imebaki ndani ya Biblia. Ibada nyingi za siku hizi zimejaa shangwe kiasi kwamba aliyefiwa juzi analazimika kuazima uso wa kuja nao kanisani. Zaburi hizo zinampa ruhusa ambayo kwaya haimpi.

Maombolezo ya Zaburi yana mpangilio unaoweza kufuatwa hata na asiyejua kuomba kwa ufasaha. Mwombaji anamwita Mungu, anaeleza shida ilivyo pamoja na hasira yake, anaomba jambo mahsusi, kisha anatamka tumaini lolote lililobaki, hata likiwa dogo. Robo saa inatosha, na saa bora kwa wengi ni alfajiri kabla ya kuwasha simu, maana ujumbe wa kwanza wa mdai huharibu utulivu wa siku nzima.

Wafilipi 4:6–7 huongeza shukrani katika maombi hayo, na inafaa kukumbuka kwamba Paulo aliandika barua hiyo akiwa kifungoni. Shukrani hapa haimaanishi kumshukuru Mungu kwa ugonjwa au kwa kufukuzwa kazi. Ni kutaja vilivyosalia: mtoto aliyeamka mzima, jirani aliyeleta uji, mvua iliyowahi. Kisha iko nukta ambayo wahubiri wengi huipita haraka. Ahadi ya aya ya 7 ni amani inayoulinda moyo, na haisemwi kwamba ombi lenyewe litajibiwa jinsi lilivyoombwa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mateso aliyoyaita mwiba (2 Wakorintho 12), na hayakuondolewa. Yesu naye aliomba kule Gethsemane kikombe kimwepuke. Asiyejibiwa alivyotaka basi hajatupwa nje ya kundi la watu wa imani.

Siku nyingine maneno hukauka kabisa. Hapo sala zilizoandikwa ndizo zinazofaa: Baba Yetu, rozari, litania, kitabu cha sala cha Kianglikana, au Zaburi moja inayosomwa kwa sauti. Wapentekoste na walokole wengi huziona kama ganda tupu, lakini aliyechoka hana budi kuegemea maneno yaliyokwisha kubeba wengine. Nyimbo hufanya kazi hiyohiyo. Utenzi unaomwimba Yesu kama rafiki, unaojulikana sana na watumiaji wa Tenzi za Rohoni, ulitungwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada, ili kumfariji mama yake. Scriven mwenyewe alikuwa amekwisha kumpoteza mchumba wake, aliyezama majini kabla ya harusi yao.

Kwa anayeamka saa nane usiku moyo ukimdunda, kanuni ni fupi. Usiku si wakati wa kupiga hesabu. Jambo lililomwamsha liandikwe kwenye daftari lililo karibu na kitanda, sala ya sentensi moja isemwe, na mjadala uahirishwe hadi asubuhi. Mambo mengi yaliyoonekana kuwa na pembe saa nane huwa ya kawaida saa mbili asubuhi.

Kiasi cha siku moja

Kutoka 16 inasimulia Waisraeli wakiokota mana ya siku moja tu. Waliolimbikiza kwa ajili ya kesho waliikuta imeoza na kuingia funza, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Sala ya Bwana nayo inaomba riziki ya leo. Kwa vitendo, kila asubuhi mtu achague mstari mmoja kutoka kwenye daftari, atende hatua yake, na mingine aiandikie tarehe. Kuandika tarehe ni muhimu, maana akili hukubali kuliacha jambo pale inapojua litashughulikiwa lini. "Nitakwenda kumwona mwalimu mkuu Jumanne" hutuliza kuliko "nitaona".

Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliacha kanuni moja yenye thamani kubwa katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548: mtu aliye katika giza la roho asibadili uamuzi aliofanya wakati akiwa na utulivu. Inahusu maisha ya kiroho, lakini inafaa sokoni na nyumbani vilevile. Kuuza kiwanja, kuacha kazi, kuvunja uchumba au kuhama mji kwa sababu wiki imekuwa mbaya kumewagharimu wengi. Uamuzi wa namna hiyo usubiri hadi usingizi na hamu ya kula virudi. Asiyeweza kusubiri kwa sababu ya hatari au muda wa kisheria aamue pamoja na mtu mwingine mwenye akili iliyotulia.

Mwili nao una sehemu yake

Kisa chenye mafunzo zaidi katika Biblia kuhusu mtu aliyechoka hadi kuomba afe ni cha Eliya, katika 1 Wafalme 19. Amewashinda manabii wa Baali juu ya Karmeli, kisha anakimbia vitisho vya Yezebeli na kulala chini ya mretemu jangwani. Mpangilio wa msaada anaopewa unastahili kuangaliwa kwa makini. Hahubiriwi. Malaika anamwamsha ale mkate na kunywa maji, anamwacha alale tena, anamwamsha mara ya pili ale kwa sababu safari ni ndefu. Baada ya mwendo wa siku 40 hadi Horebu ndipo anapoulizwa swali, tena anaruhusiwa kulalamika mara mbili. Mwisho anapewa kazi zinazoeleweka, anaambiwa wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti, na anapewa Elisha wa kusaidiana naye. Chakula, usingizi, mwendo, kusikilizwa, kazi, mwenzake: maelezo ya kitheolojia hayako hata mwanzoni mwa orodha.

Martin Luther, ambaye alisumbuliwa na vipindi vya hofu kubwa katika maisha yake, alimwandikia Jerome Weller, mwalimu wa watoto wake, mwaka 1530 akimsihi aukimbie upweke, atafute watu wa kucheka nao na asikae akijadiliana na mawazo mabaya. Ushauri huo unawashangaza wanaodhani mwenye huzuni lazima ajifungie chumbani kuomba. Kujifungia kwa siku nyingi mara nyingi humwongezea.

Mfungo na mkesha vinahitaji busara hapa. Asiyekula kwa sababu ya majonzi hana haja ya kufunga, amekwisha kupungukiwa. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na anayemeza dawa pamoja na chakula wasifunge kabla ya kuongea na mhudumu wa afya. Aliyekosa usingizi wiki nzima asipelekwe kwenye mkesha wa Ijumaa.

Sabato pia ni sehemu ya tiba. Kumbukumbu la Torati 5 inawapa pumziko hilo hata mtumwa na punda. Jumapili ya Mkristo mwenye bidii imegeuka kuwa siku ya kazi kuliko Jumatatu: ibada ya kwanza, mazoezi ya kwaya, kamati ya ujenzi, kikao cha kikoba, msiba mchana. Mtu aliyelemewa ana haki ya kujiuzulu kamati moja, na kanisa halitaanguka.

Watu wa kubebeana

Musa alipokuwa akiamua kesi za watu kutoka asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro alimwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake, akamshauri aweke viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na makumi (Kutoka 18). Makanisa ya Afrika Mashariki yanazo njia zake za kufanya hivyo. Kanisa Katoliki katika nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, liliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na jumuiya hizo hukutana majumbani, kwa zamu, watu wachache wanaofahamiana. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na Uganda miaka ya 1930 kisha ukaenea Tanganyika na Kenya, uliwazoeza ndugu kutembea nuruni, yaani kueleza mapungufu yao wazi mbele ya wenzao. Kwa Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wako vikundi vya nyumba kwa nyumba, vinavyoitwa kwa majina tofauti.

Hata hivyo si kila jambo ni la kutolewa kwenye kikundi. Umbea wa waumini ni tatizo halisi, na aliyeumizwa nao mara moja hufunga mdomo miaka mingi. Ni salama kuanza na mtu mmoja, na kipimo chake ni rahisi: je, huyu amewahi kusimulia siri za wengine? Aliyewasema wengine atamsema na anayemweleza siri mpya. Siri nzito hupelekwa kwa mchungaji au paroko, na kwa Wakatoliki Sakramenti ya Kitubio ina kinga ya siri ambayo padre haruhusiwi kuivunja kwa hali yoyote.

Ombi linalotolewa liwe la kitu kinachofanyika. "Niombeeni" hujibiwa kwa "amina" na watu wanatawanyika. "Naomba mtu wa kunisindikiza hospitali ya Bugando Jumatano" hupata mtu. Wanaume hasa hushindwa hatua hii, wakiogopa kuonekana wameshindwa kuongoza nyumba.

Baadhi ya mizigo ni hatia. Zaburi ya 32 inaeleza jinsi kunyamaza kunavyoumiza hadi mwilini, na Yakobo 5:16 inawataka waumini waungamiane. Kuungama kunakwenda pamoja na kurekebisha panaporekebishika: Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Aliyemdhulumu nduguye shamba la urithi hatapata amani kwa sala ya toba peke yake wakati mpaka haujarudishwa mahali pake.

Kusamehe nako hueleweka vibaya. Msamaha ni kuacha kulipiza kisasi, na hauhitaji kurudi kuishi na anayepiga. Mke anayeambiwa kwamba kipigo ni msalaba wake wa kubeba anapewa fundisho lisilo na msingi katika Injili. Nchini Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa kesi hizo, na mchungaji mwema humsindikiza huko.

Deni

Kwa familia nyingi za mijini, mzigo unaoleta mahangaiko kuliko yote ni mkopo. Nchini Tanzania mikopo ya haraka yenye riba kali imepewa jina la kausha damu, na nchini Kenya Fuliza na mikopo ya simu imeingia hadi kwenye nauli ya asubuhi. Mithali 22:7 inamlinganisha mkopaji na mtumwa wa mkopeshaji. Nehemia 5 inasimulia wananchi waliokwisha kuweka rehani mashamba na watoto, na jinsi gavana alivyowalazimisha wakopeshaji warudishe na waache riba. Kumbe Biblia haioni deni kuwa ni suala la mkopaji peke yake, na kanisa lenye wakopeshaji wakali mbele ya madhabahu lina la kuhubiriwa.

Kisa cha mjane katika 2 Wafalme 4:1–7 kina utaratibu unaofuatika hata leo. Mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha anauliza kwanza kuna nini nyumbani, na jibu ni chupa ya mafuta. Mjane anaazima vyombo kwa majirani, vingi kadiri inavyowezekana. Mafuta yanapoongezeka haagizwi kufanya sherehe. Anaambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Muujiza upo, lakini umezungukwa na hesabu ya mali iliyopo, msaada wa majirani na malipo kamili.

Anayefuata njia hiyo aandike madeni yote, hata yale anayoyaonea aibu, na kumweleza mwenzi wake wa ndoa ukweli wote kwa mara moja, maana ukweli unaotolewa vipande vipande huvunja imani kila unapofichuka. Amwendee mdai kabla ya tarehe na kupendekeza kiasi anachoweza, badala ya kuzima simu. Asikope kwa mmoja ili amlipe mwingine. Kitu kisichoingiza kitu kiuzwe. Ahadi ya mchango wa ujenzi wa kanisa nayo inazungumzika: 2 Wakorintho 8:12 inasema sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alichonacho mtu, wala si kwa asichonacho. Mhasibu wa kanisa akikasirika, hilo ni la mhasibu.

Pale panapohitajika hospitali

Huzuni ni jambo la maisha. Sonona ni ugonjwa. Dalili zinazotaka daktari ni huzuni au ubaridi wa moyo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya kula, kushindwa kazi za kila siku, kujiona huna thamani. Hofu zinazokuja kwa ghafla zikiambatana na kukosa pumzi, au sauti zinazosikika wakati hakuna msemaji, nazo ni za kupelekwa hospitali. Kituo cha afya kilicho karibu ndicho pa kuanzia. Wagonjwa wenye hali nzito hupelekwa kwenye hospitali kubwa, zikiwemo Mirembe Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam au Mathari Nairobi.

Wanaosema kwamba kumeza dawa za akili ni kumkana Mungu hawaijui historia ya kanisa lao. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kuhudumia wagonjwa wa akili. Hadi leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Bugando na KCMC, hospitali mbili kubwa za rufaa nchini Tanzania, zina mizizi ya kanisa pia. Paulo, anapomtaja Luka katika Wakolosai 4:14, hamwonei haya kwa kuwa tabibu.

Mawazo ya kujiua ni dharura. Mhusika asiachwe peke yake hata usiku mmoja, sumu za mimea na dawa nyingi ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi yafanyike njiani. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Wala asilaaniwe: Eliya na Yona waliomba kufa, na hakuna aliyefukuzwa na Mungu kwa sababu hiyo.

Njia za mkato

Penye mahangaiko hawakosi wauzaji wa nafuu. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka nchi jirani na kote Tanzania walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Majengo, Moshi, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Wengi wa watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na mchovu huchukua njia fupi.

Dalili za kujihadhari nazo zinajulikana. Fedha inatajwa kabla ya kusikilizwa. Mgonjwa anaamriwa aache dawa. Bibi au shangazi anatajwa kuwa ndiye mchawi aliyeufunga uzazi au biashara, na familia inagawanyika. Mwombewaji anazuiwa kushauriana na mtu mwingine yeyote. Muujiza usipotokea, lawama inamrudia yeye kwamba hakuwa na imani. Moja tu kati ya hizo inatosha kuwa sababu ya kuondoka. Kanisa linalofaa linapatikana kwa dalili za kinyume: hesabu zake zinasomwa mbele ya waumini, mchungaji wake ana anayemsimamia, na wagonjwa wake wanatembelewa hata wasipopona.

Kumbebea mwingine

Marafiki watatu wa Ayubu walianza vizuri. Waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ulivyokuwa mkubwa (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua mdomo na kuanza kutafuta kosa alilofanya, na katika sura ya 42 Mungu anawakemea wao, si Ayubu. Anayekwenda kumwona aliyelemewa hana haja ya kueleza kwa nini yametokea. Maneno kama "Mungu amempenda zaidi" kwa mama aliyezika mtoto, au "chunguza maisha yako", ni bora yabaki nyumbani. Kuteka maji, kukaa na watoto, kulipia vocha ya umeme, kurudi tena wiki ya tatu wakati turubai limeshang'olewa na wageni wameondoka, hayo ndiyo yanayokumbukwa.

Mbebaji naye huchoka. Wachungaji, makatekista, wake wa wachungaji na mzaliwa wa kwanza anayesomesha wadogo zake hubeba mizigo ya wengi na mara nyingi hawana wa kumsimulia. Hao wanahitaji msikilizaji aliye nje ya eneo lao la kazi, mchungaji wa dayosisi nyingine, padre mstaafu au mshauri wa kitaalamu, na siku ya mapumziko isiyo Jumapili. Baraza la wazee linaloiandika siku hiyo kwenye ratiba ya usharika, na kumkataza mchungaji kupokea simu zisizo za dharura siku hiyo, limetekeleza ushauri wa Yethro.